Kompyuta Mpya na Kitufe Kilichohama

Mwezi uliopita niliahidi kwamba safari hii tutazungumzia masomo ya lugha ya mama kwenye shule za hapa. Mtanisamehe, mada hiyo itasubiri. Nimetoka kwenye siku nne za kupigana na kompyuta mpya, na nusura nipoteze kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Afadhali niyaseme nikiwa bado na hasira.

Kompyuta yetu ya zamani niliinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, mwaka 2016. Mwaka uliofuata nilikuja nayo Stockholm nikiwa nimeiviringisha kwenye kanga ndani ya begi la mkononi. Imetufaa sana. Nilijifunzia Kiswidi, nikaombea kazi, na mwanangu alifanyia kazi zake za shule za kwanza. Mwezi Oktoba mwaka huu bawaba yake ilikatika, na siku mbili baadaye kioo kikazima. Mume wangu, ambaye hajawahi kuipenda, akasema, "Mama watoto, hii imekwisha. Tusiwe watu wa kufuga mabati." Jumamosi tukaenda Kungens Kurva, tukarudi na mpya ndani ya boksi.

Jioni tukaiwasha. Watoto walikaa kama wanaosubiri kuku atoke jikoni. Ikataka jina, ikataka anwani ya barua pepe, ikataka namba ya simu, ikataka kujua nilipo, ikataka kuuona uso wangu. Kila ukurasa ulikuwa na maneno mawili ya Kiswidi ambayo mwanangu wa miaka kumi na tano anayabofya bila kuyasoma: Nästa, yaani endelea, na Godkänn, yaani nimekubali. Mimi ni mtoto wa mwalimu, nimelelewa kutotia sahihi kwenye karatasi nisiyoisoma. Nikamwambia angoje nisome.

"Mama, hakuna mtu anayesoma," akaniambia.

Nilisoma. Baada ya dakika arobaini nilikuwa bado sijamaliza masharti ya kwanza, nami nikabofya Godkänn kama wenzangu.

Kisha zikaja programu za intaneti zenyewe. Kivinjari kilichokuja na kompyuta kiliuliza kama nataka kiwe kivinjari changu kikuu. Nikasema hapana, nikapakua kile nilichokizoea. Cha kwanza kikaniuliza tena kama nina hakika, mithili ya mchumba aliyeachwa. Programu ya kuzuia virusi, ambayo sikuiomba, ikanijulisha kwamba nina siku thelathini za bure, na baada ya hapo nijitegemee. Kila tovuti, hata ile ya kuangalia saa za treni, ilitaka nikubali vidakuzi upya. Kwa kompyuta mpya wewe ni mgeni kila mahali, hata pale unapoingia kila siku ya Mungu.

Hayo yote ni usumbufu tu, sikuyahesabu. Kilichoanza kunitia wasiwasi ni kuandika.

Nilikuwa namwandikia mdogo wangu aliyeko Dar habari za mifugo ya nyumbani. Kila nikiandika ng'ombe, kinatoka "ngómbe", kama neno la Kireno. Nikadhani ni virusi. Kumbe kibodi ya Kiswidi ina vitufe viwili vinavyofanana na ritifaa. Kimoja kiko juu, karibu na kitufe cha kufutia. Hicho kazi yake ni kuweka alama juu ya herufi inayofuata, kwa hiyo ukikibonyeza kisha ukaandika o, kinaivisha kofia. Ritifaa halisi iko kushoto tu mwa kitufe cha Enter, kwenye kitufe kimoja na kinyota. Mwenye kuandika ng'ambo, ng'ara na ng'ang'ania akiwa Sweden, aliweke hilo moyoni.

Na chini ya kila neno langu la Kiswahili ukapita mstari mwekundu, barua nzima ikawa kama daftari la mtoto aliyefeli. Programu ilikuwa inasahihisha kwa Kiswidi. Cha ajabu ni kwamba nchi hii ina mkono wake katika kompyuta za Kiswahili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, kupitia mradi ulioitwa Kilinux. Watu walikaa wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kilichoandikwa kwenye menyu. Sisi wengine kipindi kile tulikuwa tunabishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na wengi wetu tuliendelea kutumia Kiingereza tukiona ndicho kinachoonyesha usomi. Sasa namdai nani mstari mwekundu?

Tuendelee. Jumapili mchana mdogo wangu akanipigia simu. Alihitaji nakala ya hati ya kiwanja cha marehemu baba, niliyoitunza kwenye barua pepe yangu. Nikamwambia nipe dakika tano.

Akaunti hiyo niliifungua mwaka 2008. Nenosiri lake nalijua kama jina langu, na vidole vinaliandika vyenyewe. Nikaliandika, ikakataa. Nikaandika polepole, ikakataa. Nikaangalia kama herufi kubwa zimewashwa, hazikuwashwa. Mwanangu akasema pengine nimesahau. Nikamjibu kwa ukali kuliko alivyostahili. Jaribio la sita au la saba, akaunti ikafungwa, na ujumbe ukaja kwamba kwa usalama wangu wametuma namba za uthibitisho kwenye simu yangu inayoishia na 47.

Inayoishia na 47 ni laini yangu ya Tanzania.

Wengi wenu mnajua kilichotokea kwa laini zile. Mwezi Mei 2019 Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Kidole hakitumwi kwa posta, lazima uende nacho mwenyewe. Mimi nilikuwa Tanzania Agosti 2019. Niliambiwa nikasajili, nikakuta foleni, nikasema nitakuja kesho. Kesho yenyewe nikaenda Morogoro, na wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya ndege. Hapo sina wa kumlaumu. Wenzetu wa Kenya nao walikuwa na usajili wao upya mwaka 2022, na najua baadhi yenu mlikuwa nje wakati huo.

Laini ikizimwa haibaki tupu milele. Kampuni za simu huirudisha namba sokoni, anaipata mtu mwingine. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya: nikaipigia namba yangu mwenyewe. Iliita. Akapokea kijana.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Nikamsalimia, nikamuuliza hali, akajibu vizuri tu. Nikamweleza kwamba namba hiyo zamani ilikuwa yangu, na kwamba dakika chache zilizopita ameingiwa na ujumbe wenye tarakimu sita. Tafadhali mdogo wangu, naomba unisomee hizo tarakimu.

Kimya. Kisha akacheka.

"Dada, mmebadilisha mbinu? Mmechoka na ile hela tuma kwa namba hii?"

Akakata. Nilipopiga tena, alikuwa ameshanizuia.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka siku ile. Lakini nilipolala nilifikiri: kijana yule alifanya sawasawa na ninavyowaambia watoto wangu wafanye. Mtu usiyemjua akikuomba tarakimu zilizokuja kwenye simu yako, usimpe, hata akilia. Kilichoninyima usingizi ni upande wa pili wa jambo hilo. Kwa miaka mitano hivi, ufunguo wa barua zangu zote umekuwa mfukoni mwa mtu nisiyemjua. Angekuwa na nia mbaya na akajua anwani yangu, angeweza kubofya "nimesahau nenosiri", akaletewa tarakimu, akaingia. Bahati yangu ni kwamba ni kijana mwema. Huo ndio ulikuwa ulinzi wangu wote.

Sasa niwaambie kilichokuwa mle ndani. Hati ya kiwanja ingepatikana kwa njia nyingine, kwa kupanga foleni na kulipa ada. Lakini mle kulikuwa na barua za baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu, nami nikiwa Dar, aliamua kujifunza barua pepe. Kila wiki mbili alipanda daladala mpaka Msamvu, kwenye kafe ya intaneti, akalipia nusu saa, akaniandikia. Nilipohamia huku aliendelea. Aliandika bei ya mahindi, nani kaoa, nani kafariki, mvua imenyesha kiasi gani. Alifariki mwaka 2018. Vibali vyangu vya ukaazi vilikuwa vinashughulikiwa, sikuweza kutoka nchini, wakamzika bila mimi. Waliobaki na mimi ambao wamepitia hilo hawahitaji maelezo, na ambao hawajapitia Mungu awaepushe. Sina fimbo yake wala koti lake. Nina barua mia moja na kitu, na sikuwahi kuchapisha hata moja, kwa sababu niliamini ziko "kwenye intaneti", kana kwamba intaneti ni ghala la serikali.

Jumatatu nilijaza fomu ya kurudishiwa akaunti. Iliniuliza mwezi niliofungua akaunti, nenosiri la mwisho ninalolikumbuka, na namba ya simu ambayo wangeweza kunipata. Nilijibu kila kitu kwa ukweli. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, na dakika mbili hazitoshi binadamu kusoma: hatukuweza kuthibitisha kwamba akaunti hii ni yako. Hakuna namba ya kupiga, hakuna mlango wa kubisha. Huku Sweden tumezoea kwamba ofisi hata ikikukatalia, kuna barua, kuna jina la aliyeiandika na kuna tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Hapa nilikataliwa na mashine, na mashine haina jina.

Jumanne jioni nilitoka kazini. Giza lilikuwa limeshaingia, mnaujua mwezi huu ulivyo. Nikamkuta mwanangu kwenye korido amepiga magoti mbele ya mfuko wa takataka za umeme ambao baba yake alikuwa hajaupeleka kwenye chumba cha kuchakata. Ameitoa kompyuta ya Kariakoo.

"Mama, kilichokufa ni kioo," akasema. "Ndani iko hai. Nasikia feni."

Akachukua waya wa HDMI, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Kwenye kioo kikubwa, pale tunapotazamia taarifa ya habari, pakatokea kivinjari changu cha zamani, kama nilivyokiacha. Na kwa kuwa sikuwahi kutoka kwenye akaunti, barua zilikuwa wazi. Juu kabisa ilikuwapo ya mdogo wangu: Dada, vipi ile hati?

Tulikwenda moja kwa moja kwenye mipangilio kubadilisha ile namba ya simu. Ikataka nenosiri. Moyo ukasimama. Nikaandika vilevile nilivyoandika Jumapili, kwa vidole vilevile. Ikakubali.

Tukatazamana. Mwanangu ndiye aliyegundua. Nenosiri langu lina alama ya @ katikati. Kwenye kibodi ya Kariakoo, ambayo ni ya mpangilio wa Kimarekani, unashika Shift na 2. Kwenye kibodi ya Kiswidi Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu, na @ inahitaji kitufe cha AltGr pamoja na 2. Kwa kuwa nenosiri hufichwa kwa nukta nyeusi, nilikuwa naandika kosa lilelile mara saba bila kuliona. Sikuwa nimesahau kitu. Kitufe ndicho kilichohama.

Kwa hiyo kabla hamjaitupa kompyuta ya zamani, nawaomba, na hasa nyinyi wanafunzi mliofika mwezi Agosti na simu za nyumbani mfukoni: fungueni kila akaunti mliyonayo mtazame namba ya simu iliyosajiliwa. Kama ni ya nyumbani na laini hamna tena, badilisheni mkiwa bado ndani. Ukiwa nje haibadiliki. Huduma nyingi za barua pepe hutoa pia namba za akiba za kutumia siku simu ikipotea. Zangu sasa zimechapishwa kwenye karatasi, ziko kwenye droo moja na pasipoti. Mwanangu anasema karatasi ni mambo ya kizamani. Mwanangu hajawahi kukataliwa na fomu.

Nenosiri likikataa, usilirudie mara saba kama mimi. Liandike kwanza mahali panapoonekana, kwa mfano kwenye ukurasa mtupu, uone vitufe vinatoa nini, kisha ufute. Au bofya ile alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku, kama ipo. Jicho hilo lingeniokolea siku nne.

Msije mkadhani BankID itawaokoa. Tumeizoea mno. Ilianza mwaka 2003, na leo watu zaidi ya milioni 8 wanaitumia katika nchi yenye watu milioni 10 na nusu hivi. Tunafungulia benki, kodi, zahanati na shule ya watoto. Lakini inafungua milango ya Kiswidi tu. Akaunti uliyoifungua Mwenge au Nairobi haijui BankID ni mnyama gani. Na mwanafunzi anayekaa chini ya mwaka mmoja kwa kawaida hapewi personnummer, na bila hiyo namba hakuna BankID, kwa hiyo yeye anaishi kwa barua pepe na simu peke yake. Akipoteza hivyo, amepoteza chuo, nyumba na tiketi ya kurudi.

Jambo moja kwa wanaokimbilia madukani msimu huu kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa sisi tulio katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Sweden ikiwemo, Microsoft ilikubali kuendelea kutoa masasisho ya usalama bila malipo mpaka Oktoba 2026, mradi ujiandikishe kwenye mipangilio ya kompyuta. Mwenye mashine nzima na mfuko mwembamba ana nafasi ya kujipanga. Na asiye na mtoto wa kumsaidia aende maktaba. Wakutubi wa hapa hawamcheki mtu mzima anayeuliza @ iko wapi.

Jumanne ile tulikaa mpaka saa sita za usiku tukihifadhi barua za baba, moja baada ya nyingine, kwenye diski mbili. Moja itakaa kwetu, nyingine itakwenda kwa mdogo wangu na mtu anayesafiri Desemba. Hati ya kiwanja ilikwenda dakika ya kwanza. Ilipofika barua ya kwanza kabisa ya mwaka 2008, mwanangu aliomba aisome mwenyewe. Babu yake alimwona mara ya mwisho akiwa na miaka saba. Aliisoma kwa sauti mbele ya televisheni, Kiswahili chake kikijikwaa hapa na pale, mpaka chini kwenye "WAKO BABA". Kisha akanigeukia. Barua yote ilikuwa kwa herufi kubwa.

"Mama," akauliza, "babu alikuwa anapiga kelele?"

Nikamwambia hapana, alikuwa hajakijua kitufe.